Michirizi kwenye uso wa ami

Jamani salaam, najua nimepotea sana humu, ni hii kilabu yetu ya video imenimalizia wikendi zote. Kwa wasiojua, kila Jumamosi baada ya alasiri tunakutana ukumbi wa mtaani watu kama tisa hivi, kuna dereva wa tuktuk, kuna ustadhi wa madrasa, kuna wasichana wawili wanaopiga video za kupamba (ile sherehe ya harusi ya wanawake watupu, kule sisi wanaume hata kuchungulia hatuthubutu, kwa hiyo hao ndio pekee wanaoiona hela ya kamera), na mzee mmoja aliyekuwa akipiga harusi enzi za kanda za VHS. Hakuna aliyesomea. Vyombo vyetu ni simu zetu, Canon moja kuukuu, na stendi ambayo mguu mmoja umefungwa selotepu.

Basi tukakubaliana tutengeneze filamu ya dakika 5 kuhusu ami mmoja anayeuza kahawa tungu Mji wa Kale. Ukikaa barazani usiku unamsikia kabla hujamwona, vile vikombe anavyovigonganisha kwa mkono mmoja, tika tika tika, mkono wa pili umebeba dele, lile birika la kahawa. Tukamfuata kule anakopikia, chumba kidogo, jiko la makaa chini, taa moja ya tyubu juu. Akatueleza vizuri mashallah, tangawizi anavyoiponda, baba yake alivyozunguka na dele hilohilo, na katikati ya maneno paka akalia nyau, ami bila hata kugeuka akamwambia "ngoja wewe, zamu yako bado", akaendelea na baba yake. Sisi huku nyuma tunafinyana kwa furaha.

Usiku tunafungua kwenye laptopu, michirizi! Mikanda mipana ya giza inapanda usoni kwa ami toka kidevuni mpaka kofiani, ikiisha inaanza tena, kama maji yanajaa na kutoka. Video yote dakika arubaini. Kila mtu akaja na yake, huyu anasema memori kadi feki, yule anasema simu ilipata moto, mmoja akasema kile chumba kina wenyewe, tukacheka lakini si sana.

Mzee wetu wa kanda, na hapa niseme ukweli, kazi yake kilabuni mpaka siku hiyo ilikuwa kutushauri tutie zile picha za kufunguka kwa umbo la moyo, tukawa tunamuitikia tu kwa adabu. Akavaa miwani, akasogea, akasema, "Hiyo kamera ya Marekani." Tukamwambia babu hii ni simu. Akasema najua ni simu, lakini ina tabia ya Kimarekani. Kumbe zamani baharia mmoja alimletea kamera kutoka Marekani, ya NTSC, yaani mfumo wa video wa kwao, akaenda nayo kupiga harusi kwenye ukumbi uliojaa tyubu, michirizi ikatoka hivihivi, na kanda yenyewe kwenye TV za hapa, ambazo zilikuwa za PAL, mfumo wa kwetu, ikacheza nyeusi na nyeupe. "Bibi harusi nyekundu yote ile, nyeusi na nyeupe! Nilihama mtaa wiki mbili."

Hesabu yake ni hii na mimi nimeirudia mara tatu ndio ikaniingia. Umeme wetu Kenya ni hezi 50, na tyubu inapwesa mara mbili kila mzunguko, yaani mara 100 kwa sekunde, jicho halioni. Simu ukiiacha peke yake mara nyingi inapiga fremu (picha) 30 kwa sekunde na shata, yaani muda ambao kila picha inashika mwanga, inakaa 1/60 ya sekunde, hiyo ni hesabu ya kwao Marekani ambako umeme ni hezi 60. Sasa 1/60 hapa kwetu inashika mpweso mmoja na kipande cha mwengine, na kwa vile simu inasoma picha mstari kwa mstari, mstari huu umepata mwanga mwingi, wa chini yake umepunjwa, ndio ile mikanda. Ukiweka shata 1/50 unashika mipweso miwili kamili, 1/100 mmoja kamili, michirizi inakwisha. Fremu unaweza kuziacha 30, sisi tumeshuka 25. Ingia modi ya pro uiweke kwa mkono na uifunge, usiiache otomatiki. Saa hii imeandikwa 1/50 kwa maka kwenye mguu wa stendi, ule wenye selotepu.

Tukarudi kwa ami na mabuyu ya kumbembeleza. Akatusikiliza, akasema, "Wanangu, nishasema. Mimi si kanda." Akakubali tupige mikono tu. Na kweli sauti ya siku ile ilikuwa haina neno, michirizi haifiki kwenye sauti, kwa hiyo tukapiga tangawizi kinuni, makaa, mvuke, vikombe, tukafunika maneno yake ya kwanza, uso wake ukaonekana tu nje barazani mchana. Ikabaki ile nyau. Paka wa ami siku hiyo hayupo, lakini Mji wa Kale kutafuta paka ni kugeuza shingo tu, tukapiga mmoja wa mlango wa tatu, wa manjano, sikio limechanika. Akaingia pale kama alizaliwa kwa kazi hiyo.

Jumamosi iliyopita tukaionyesha, shuka jeupe ukutani, projekta ya kuazima, kusi inalipuliza shuka mpaka ami mara mnene mara mwembamba. Mwenyewe kakaa mbele, dele miguuni, anauza kahawa hukuhuku inacheza. Ikaisha, watu makofi, wale wasichana wa kupamba mpaka vigelegele. Ami kimya, anatizama shuka tupu. Tukamuuliza, vipi ami?

"Nzuri," akasema. "Lakini yule paka siye."