Masika ya Barani na Mashine ya Khalati

Mayai ya kuku ya mwanzo ambayo Khalati, dada wa mama yangu, aliyatia kwenye mashine ya kuangulia vifaranga yalipitisha siku ya 21, siku ya kuanguliwa, bila hata moja kutoboka. Nilimvunjia mayai hayo uani kwake, Barani, hapa Malindi. Karibu kila yai lilikuwa na kifaranga kamili, manyoya tayari, lakini amevimba, amelowa chapachapa, na chumba cha hewa kidogo mno. Joto halikuwa na kosa. Vifaranga walizamishwa na maji ya yai lao wenyewe.

Karatasi iliyokuja na mashine ilimwagiza ajaze maji vijito vyote viwili, yaani mifereji ya maji ndani ya mashine, tangu siku ya kwanza. Maagizo hayo hayakumfikiria mtu wa pwani. Yai sharti lipungue uzito kwa asilimia 12 au 13 hivi kufikia siku ya 18: la gramu 55 lishuke hadi kama 48. Maji yanapotoka kwenye vitundu vya ganda, hewa huingia upande wa butu, na hiyo ndiyo kifaranga huivuta mwanzo kabla hajatoboa. Na hewa yetu ya masika, ikiwa nyuzi 28 na unyevu asilimia 80, ikipashwa moto hadi nyuzi 37.5 unyevu wake hushuka wenyewe hadi karibu asilimia 47, kiasi kile kile mayai yanachotaka. Ukiongeza maji, yai halikauki.

Basi mara ya pili nikamwambia, "Khalati, vijito viache vikavu mpaka siku ya 18."

"Mwanangu, hayatakauka?"

Nikampa mizani ya jikoni ajionee mwenyewe.

Alichagua mayai ya kienyeji ambayo hayajapita siku 7, akayaweka ncha chini. Yaliyochafuka sana tuliyatoa. Kuyaosha kwa maji baridi huvuta vijidudu ndani. Siku ya 7 tulizima taa tukayamulika kwa tochi ya simu. Lililo hai lina doa jeusi na mishipa iliyotawanyika kama miguu ya buibui. Lenye pete ya damu limekufa. Lililo jeupe tupu halina mbegu. Viza yakatolewa mapema, maana yai bovu likipasuka ndani ya mashine huharibu mengine. Chumba cha hewa tulikizungushia penseli, na kila tulipomulika tena mstari ulikuwa umeteremka.

Siku ya 18 tuliacha kuyageuza, tukayalaza, tukatia maji ili unyevu ufike asilimia 65 hadi 70, tukafunga kifuniko.

Usiku wa siku ya 20 mvua ilikuja na upepo wa kusi, na baada ya Isha stima ikakatika. Mayai kadhaa yalikuwa yameshatoboka. Khalati alinipigia simu huku mkono uko kwenye kifuniko. Alitaka kuyatoa ayafunge kwa nguo moja moja. Nikamwomba asifungue hadi nifike. Unyevu ukitoka, utando wa ndani hukauka na kumbana kifaranga, hawezi tena kujizungusha. Baridi ya saa chache haimuui kwa wepesi; joto likipita 39.5 ndilo la kuogopwa zaidi.

Tulifunika mashine kwa blanketi, matundu ya hewa tukayaacha wazi, kwani kifaranga wa siku za mwisho anavuta hewa nyingi na anatoa joto lake mwenyewe. Chupa za maji moto tulizifunga kwa kanga tukaziegemeza nje, ubavuni mwa mashine. Kila yalipopoa tulichemsha mengine jikoni. Kipimajoto kilishuka polepole mpaka 34, kikakaa hapo hadi stima iliporudi alfajiri.

Kwenye kioo tulimwona mmoja aliyetoboa tangu magharibi. Kijino cheupe juu ya mdomo kinagonga, kinatua, kimya kirefu. Khalati akasema tumsaidie. Nikakataa, na mpaka leo hukataa: muda ule utando bado una damu na kiini hakijaingia chote tumboni. Ukimmenya, anavuja damu. Tangu kutoboa mpaka kutoka saa 24 si nyingi, na baridi ya usiku huongeza. Huyo alikata ganda duara zima adhuhuri, akatoka na nguvu zake.

Tuliwaacha ndani hadi wakakauka. Kiini walichokimeza tumboni kinawatosha siku nzima, hakuna haja ya haraka. Boksi la kulelea lilikuwa tayari, balbu imepashwa, nyuzi 35, maji vuguvugu kwenye kisahani chenye vijiwe ili wasizame. Walikimbilia pembeni midomo wazi, wakitweta. Khalati akainua balbu kidogo, wakatawanyika wakaanza kudonoa.