Ukitoka wodini na UVIKO, usiukimbilie mlima

Mtu akisharuhusiwa hospitalini, nyumbani wanahesabu kapona. Wiki ya pili anatumwa dukani, ya tatu anabeba maji. Siku moja anafika katikati ya ngazi za mawe kule Mabatini au Igogo, Mwanza, anashika ukuta wa watu, pumzi imekata. Majirani wanasema anadeka.

Hadeki. Aliyelazwa kwa UVIKO-19, hasa aliyewekewa oksijeni, mapafu yake huweza kuchukua miezi kutulia, na misuli ya mapaja huyeyuka upesi kitandani. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilieleza hali hii: kwa kawaida dalili zipo miezi 3 tangu kuugua, zimedumu angalau miezi 2, na hakuna ugonjwa mwingine unaozieleza. Hilo la mwisho huku kwetu linarukwa sana. Kikohozi kikizidi wiki 2, makohozi yapimwe TB. Uchovu na weupe wa viganja, pima wingi wa damu. Kama wodini ulipewa deksamethasoni, pima na sukari, maana dawa hiyo huipandisha. Ukisema tu "ni ile korona", TB inakula mapafu taratibu.

Kile kimashine cha kidoleni kinachopima oksijeni ya damu kinasaidia, ila wengi wanakisoma vibaya. Futa rangi ya kucha na usitumie kidole chenye hina. Asubuhi ya upepo wa ziwa vidole vikiwa baridi, visugue kwanza. Kaa dakika 5, vaa kimashine, subiri namba itulie, ndipo uandike. Kisha, mtu akiwa karibu nawe, simama na kukaa kwenye kiti kilichoegemezwa ukutani kwa dakika 1, bila kujisukuma kwa mikono, kwa mwendo wako. Soma tena, na uendelee kutazama dakika 2 au 3, kwa sababu namba mara nyingine hushuka baadaye. Ikishuka kwa 3 au zaidi, mweleze daktari. Ikiwa chini ya 92 ukiwa umetulia, usifanye jaribio lolote, nenda hospitali. Vivyo hivyo kwa maumivu ya kifua au mguu mmoja uliovimba: huenda damu imeganda. Na tujue kwamba kwenye ngozi nyeusi vimashine hivi huweza kutaja namba kubwa kuliko hali halisi. Mwili ukikataa wakati namba inasema sawa, sikiliza mwili.

Sasa mlima. Kama pumzi hukukatikia ngazi ya 20, pumzika ya 12, kabla haijakata. Vuta hewa puani ukihesabu 2, itoe polepole ukihesabu 4, midomo umeibana kama unayepoza uji, na uitoe wakati unapandisha mguu. Ikikata kabisa, inama mbele, viganja juu ya mapaja au kwenye jiwe, mabega yaachie. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na mikono iliyoinuliwa kuishika kichwani huzidisha kuhema. Afadhali dumu la lita 5, safari nyingi, au umlipe kijana wa mkokoteni.

Wengi hukosea hapa, hata wahudumu wengine: wagonjwa hawa si wa aina moja. Aliyedhoofika kwa kulala anafaidika na mazoezi yanayoongezwa kidogo kidogo. Lakini yupo anayefua Jumamosi akajisikia vizuri, Jumatatu hanyanyuki, kichwa kizito, anasahau hata alichotumwa. Pigo huchelewa saa 12 hadi 48, au zaidi, kwa hiyo analaumu chakula cha jana. Huyu ukimlazimisha kuongeza kila wiki unamzamisha. Apewe daftari: kazi aliyofanya, muda wake, hali ya kesho na keshokutwa. Baada ya wiki 2 mpaka wake utaonekana, akae ndani yake.

Harufu ikipotea, chukua karafuu, limau, majani ya mkaratusi na mafuta ya waridi. Nusa kila kimoja sekunde 20, asubuhi na jioni, si chini ya miezi 3, ukiikumbuka harufu yenyewe. Hii si nyungu, mvuke hauhitajiki. Kwa sasa sato wa jana anuswe na mwingine, na mtungi wa gesi ufungwe kila baada ya kupika.

Kliniki nenda na karatasi ya ruhusa ya wodini na hilo daftari. Ukielekezwa hospitali ya Bugando, kule juu kilimani, panda bodaboda hadi getini, kisha kaa dakika 10 kabla ya kupimwa, la sivyo watapima kile kilima.