Naam

Juzi kitindamimba wangu alinifuata mezani na sarafu ya dola moja. "Baba, huyu bata kwenye hela anaitwaje?" Nikamwambia si bata, ni luni, na dola yenyewe imepata jina la utani kwa ndege huyo. Angeishia hapo ningeshukuru.

"Ulishamwona?"

Nilimsikia kwanza. Ilikuwa Agosti ya mwaka wangu wa tatu Kanada, shemeji yangu aliponipeleka Algonquin. Hifadhi ina maziwa zaidi ya 1,500, na yeye kwa ukaidi wake akachagua kiziwa kisichofikiwa na barabara: unapiga kafi, unashuka, unajitwika mtumbwi kichwani kukata msitu, unapiga kafi tena. Kwenye maegesho alinipekua mkoba akatoa samaki wangu wote wa kopo. Huko ndani makopo na chupa ni marufuku. Nikanuna. Na mimi mtoto wa Pangani nifundishwe mtumbwi na mtu aliyelelewa ghorofani! (Nusu saa ya kwanza tulizunguka kama pia. Mtumbwi wao mwepesi mno, huo ndio utetezi wangu.)

Hema, wali, chakula kilichobaki tukakitundika mtini dubu asikifikie, tukalala.

Usiku wa manane nikaitwa.

Sauti ilitoka majini, ndefu, ikapanda ikabaki juu, kama ya mtu anayeita kutoka Bweni, ng'ambo ya mto wa kwetu Pangani. Enzi zetu kivuko kikishalala, aliyechelewa ng'ambo alisimama ukingoni akaita mtumbwi. Baba alikuwa kibarua wa mkonge upande ule, na kuchelewa ndiyo kawaida yake. Anaita, naitika "Naam!", namfuata. Bibi hakupenda. "Ukiitwa usiku usiitike mpaka mara ya tatu. Unamjua anayekuita?" Lakini sauti ya baba niliijua.

Nikaitika mara ya kwanza, tena kwa nguvu. Yaliyofuata nayakumbuka vipandevipande: zipu ya hema, mizizi ya misonobari chini ya nyayo, kafi mkononi, mpini umelowa umande. Kilichoniamsha ni maji. Mto Pangani usiku una uvuguvugu. Haya yalinibana vifundo kama koleo. Nikasimama hivyo hivyo. Mbele yangu ukungu mtupu, ng'ambo haionekani. Baba alikuwa na miaka minne kaburini.

Kimya. Kisha ndani ya ukungu kitu kikacheka, kicheko chembamba cha kutetemeka.

"Shem, unakwenda wapi?" Kichwa cha shemeji kimechomoza hemani.

"Kukojoa."

"Na kafi?"

Mpaka leo, hata harusini mbele za watu, ananiita Bwana Naam. Asubuhi alinionyesha luni mwenyewe: mweusi, mgongo madoadoa meupe, jicho jekundu kama kaa la moto. Akatutazama, akazama, tukahesabu mpaka tukachoka. Akaibuka mbali, mahali ambapo hatukutazamia.

Mwanangu alisikiliza yote, sarafu ameifumba kiganjani. Habari za Bweni niliziruka. Nilimwambia tu niliota.

"Sasa uliposema naam, akafanyaje?"

"Akanyamaza."

Kicheko sikumwambia.