Kifaranga ndani ya inveta

Jamani, leo Wete umeme umekatika magharibi. Mie sina wasiwasi, nina betri yangu ya 100Ah (ampea-saa, kipimo cha chaji inayobeba) na inveta, kile kidude cha kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani.

Hesabu nilipiga mwenyewe: feni, TV na taa, wati 170. Mara saa sita, wati-saa 1,020. Betri volti 12 mara 100, 1,200. Yatosha na chenji inabaki!

Baada ya saa tatu tu, inveta ikaanza: tii, tii, tii.
Bibi kizani: "We, nani kaingiza kifaranga ndani?"

Nimempigia fundi, kacheka mpaka basi. Betri ya asidi kama yangu, nusu tu ya chaji ndiyo ya kutumia, na inveta nayo inakula. Miezi minne naikausha, ndio nimeiua.

Kumbe nilitaka 200Ah.

Bibi anajipepea kwa ukili. Nyie mnatumia ngapi?