Namna ninavyokadiria umri wa kiharusi kwa namba za CT scan

Mimi ni mtaalamu wa mionzi katika hospitali ya mkoa. Daktari wa radiolojia anayesoma picha zetu yuko mji mwingine, kwa hiyo usiku akiletwa mgonjwa wa kiharusi, wa kwanza kuuona ubongo wake ni mimi. Daktari wa zamu ana maswali mawili: mshipa umepasuka au umeziba, na tangu lini? Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Lakini ndugu wengi hawaijui saa. "Tumeamka tukamkuta hivi," ndilo jibu.

Ndiyo maana sitosheki na kutazama weupe na weusi wa picha. Napima msongamano. Kipimo chake, HU, kina jina la Godfrey Hounsfield, mhandisi Mwingereza ambaye mashine yake ya CT ilimpiga picha mgonjwa wa kwanza huko London mwaka 1971. Maji ni 0, hewa ni -1000, ubongo wenye afya huwa kati ya 20 na 40 na kidogo. Damu iliyotoka kuvuja na kuganda hufika 60 hadi 80, nayo hung'aa yenyewe, ila kwa mgonjwa aliyepungukiwa sana damu inaweza kufifia ukaikosa. Kadiri siku zinavyopita namba yake hushuka, hadi baada ya wiki kadhaa inafanana na ubongo wenyewe.

Kazi ipo kwenye mshipa ulioziba. Saa za mwanzo ubongo unaanza tu kuvuta maji, na maji yakiongezeka kwa asilimia 1, msongamano hushuka kwa HU 2 au 3 tu. Jicho halioni. Hapo nabana dirisha la picha, yaani upeo wa namba zinazoonyeshwa, katikati 40 na upana 40, ili tofauti ndogo ionekane, kisha naweka duara dogo palipo na shaka na jingine la ukubwa uleule upande wa pili, mahali palepale, mbali na fuvu na mifereji ya maji. Naiamini tofauti ya pande mbili kuliko namba yenyewe.

Mzee mmoja aliletwa alfajiri, mkono wa kulia umelegea, maneno hayatoki. Kushoto mwa ubongo nilipata 26, kulia 33. Tofauti kubwa namna hiyo, na weusi umeshajichora, haikuwa ya saa moja au mbili. Ila kilichonishtua kilikuwa kulia, nyuma kidogo: baka dogo lenye kingo kali, linasoma 9, karibu sawa na maji ya ubongo. Hilo ni kovu la miezi mingi.

Nikamuuliza binti yake kama baba aliwahi kuugua hivi.

"Hapana, daktari. Labda mwaka juzi, mkono wa kushoto ulikufa ganzi siku chache. Tulidhani baridi."

Nikayaandika yote mawili, jipya na la zamani, nikampigia daktari wa zamu. Dawa ya kuyeyusha ikaachwa. Lakini viharusi viwili, pande mbili, vikamfanya aushuku moyo, kwamba ndio unaorusha damu iliyoganda hadi pande zote za ubongo. Akaagiza kipimo cha umeme wa moyo asubuhi ileile, na mapigo yakaonekana hayana mpangilio kabisa.