Siku moja maishani mwangu: ninalipwa kutafuna

Saa kumi na moja alfajiri. Napiga mswaki kwa maji na chumvi. Dawa ya meno ina mnanaa, na mnanaa wa alfajiri hunilevya ulimi hadi adhuhuri. Chai bila tangawizi, mkate mkavu. Vitunguu nimeviacha tangu jana jioni. Mume wangu husema alioa mtawa.

Saa moja na robo, Industrial Area, Nairobi. Mgeni hukijua kiwanda chetu cha chingamu kwa pua kabla hajaliona geti. Mimi siisikii tena harufu ile, labda siku ya kwanza baada ya likizo. Ila kwenye matatu abiria huniuliza kama nauza dawa ya kifua.

Saa mbili napita kwenye mikisa, mashine ya kuchanganyia. Gamu yenyewe, ule mpira usioyeyuka mdomoni, imeshapashwa moto ikalainika kama ugali wa mtoto. Inafuata sukari ya unga na glukosi. Mnanaa huingia mwishoni, maana ukitangulia joto huupeperusha, tukabaki tumewafukiza wafanyakazi. Mzee wa mikisa ananiitia kopo jipya la mentholi, kile kiini cha mnanaa kinachopoza. Ni fuwele nyeupe kama chumvi ya mawe, zimetoka India. Huyeyuka kwenye nyuzi 42 hivi, kwa hiyo maji ya moto tu yanatosha. Nimefungua kifuniko bila kugeuza uso. Machozi! Mzee anacheka, "Pole mama, mwaka wa ngapi huu?"

Saa tatu na nusu, chumba cha kuonja. Taa ni nyekundu ili rangi isitudanganye. Mbele yangu vipande vitatu vyenye namba, viwili vimetoka fungu moja, kimoja ni mgeni. Nimtaje. Leo mgeni ni rahisi: kuna spiaminti katikati ya pipaminti, nazo ni aina mbili za mnanaa. Pipaminti ina mentholi nyingi, ndiyo inayopoza. Harufu ya spiaminti hutokana na kemikali iitwayo karivoni, tena karivoni ina pacha wake, wanafanana kama mkono wa kulia na wa kushoto, lakini huyo pacha hunukia kisibiti! Miaka yote hii bado jambo hilo hunishangaza.

Na huko kupoza ni ulaghai mtupu. Weka kipimajoto mdomoni, joto ni lile lile. Mentholi hugusa kipokezi cha baridi kwenye neva, TRPM8, nao ubongo unaamini. David Julius na Ardem Patapoutian, waliopewa Nobel mwaka 2021, walikitambua kila mmoja kwake kwa kutumia hiyo hiyo mentholi.

Saa saba, githeri. Taya zinauma, natafuna polepole kama ng'ombe.

Saa nane, mkutano. Wateja wanalalamika kwamba mnanaa unaisha upesi. Watu wa mauzo wanataka tuongeze mafuta ya mnanaa, nayo ndiyo ghali kuliko vyote. Nimebisha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nottingham walilichapisha jambo hili mwaka 1999: mtu akitafuna, harufu ya mnanaa huendelea kupanda puani, lakini sukari ikishakwisha yeye husema ladha imekwisha. Meneja akanitazama kama anayesikia hadithi za sungura.

Basi nikawatafunisha. Dakika kumi kwa saa ya ukutani, hakuna kuongea, na kwa watu wa mauzo hiyo ni adhabu. Mnanaa upo? Wote wakatikisa vichwa, hakuna. Nikampa kila mmoja sukari kidogo kwenye ncha ya kijiko, endeleeni. Kimya. Halafu karani wa stoo, aliyekuja kuchukua sahihi tu akanaswa, akasema, "Aka! Umerudi!" Meneja hakusema kitu, ila alinyoosha mkono aongezwe kijiko. Kesho tunajaribu kitamu kinachotoka polepole, mafuta yabaki yalivyo.

Saa kumi na moja jioni natoka. Saa kumi na mbili na nusu niko dukani mtaani, nimenunua maziwa na tangawizi, kipande kikubwa, maana kesho zamu yangu ya kuonja ni mchana. Muuza duka anapekua droo ya chenji.

"Mama, sina shilingi tano. Nikupe chingamu?"

Nimechukua kiberiti.