Piko ya Sikukuu

Mama hakuningoja hata nivue viatu. Alinitazama kichwani, akachungulia njiani kuona jirani gani kaniona, ndipo akasema: "Ingia ndani. Na huo mtandio uvute mbele."

Ilikuwa Mfungo Mosi wa mwaka 2014, siku sita kabla ya harusi ya dada yangu, kwetu Wete, Pemba. Nilitoka Dar es Salaam, nikalala Unguja, nikavuka hadi bandari ya Mkoani, kisha nikapanda gari iliyosimama kila kijiji, karafuu zimeanikwa kando ya barabara mpaka harufu ikanikaa kooni. Kichwani nilikuwa na nywele za dhahabu. Nasema dhahabu kwa kujistahi tu; zilikuwa rangi ya usumba. Saluni moja ya Dar ilizichuja rangi mara mbili, nami wiki ile ya safari nikaongeza kosa juu ya kosa: nikatia dawa ya kunyoosha mizizi ilale, nifike harusini nimenyooka.

Wala sikuwa na wasiwasi. Nilipopita Darajani, Unguja, nilinunua boksi la rangi nyeusi. Mama mdogo ana kisaluni chake uani, viti viwili na kioo kimoja. Kesho yake asubuhi nikampelekea, nikakaa, nikainamisha kichwa.

"Dawa umetia lini?"

"Jumanne."

Akaliweka boksi chini. Kwake, nywele zilizotiwa dawa hazitiwi rangi ya boksi mpaka zipite wiki mbili. Dawa inauinua unywele kama magamba ya samaki unapomparua kinyumenyume, na ngozi ya kichwa inabaki mbichi hata kama wewe huhisi kitu. Akanifokea pia kuhusu yale maji ya kuchanganyia rangi, ambayo ukali wake huandikwa kwa namba. Anayetaka weusi hana haja ya maji makali, alisema, maana hachuji kitu, anajaza tu. Namba kumi inatosha, na nywele za dawa zinanyonya rangi upesi kuliko nywele za asili. Mimi nilikuwa nimenunua namba thelathini, kwa kudhani namba kubwa ndiyo nzuri.

Nikambembeleza. Katika kubembeleza nikamshika mkono, naye akauona wangu wa kushoto.

"Na hili kovu?"

Hilo kovu nilikuwa nimelisahau. Nilikuwa na miaka kumi na minne, mkesha wa Idi, watoto wa kike wa mtaa mzima tumejipanga kibarazani kwa msichana aliyekuwa fundi wa kuchora. Wakubwa walitiwa hina. Sisi tulitaka piko, maana piko inakauka upesi na inakoza nyeusi ti. Akanichorea ua na kikonyo chake mpaka kwenye kiwiko. Sikukuu ya kwanza nikaringa nalo, ya pili nikaringa nalo. Siku ya nne ua likaanza kuwasha, halafu likainuka, kila jani likawa na malengelenge yake, utadhani limechongwa kwenye mlango. Bibi alinipaka mafuta ya nazi. Nyumbani tulisema ile piko ilikuwa mbovu, basi. Hakuna aliyefikiri kwamba ni mwili wangu ulioikataa.

Mama mdogo akavaa miwani, akaligeuza boksi akitafuta yale maandishi madogo ya ubavuni. Akanionesha kwa ukucha: PPD. "Hii ndiyo inayotia weusi humu, na ndiyo hiyo hiyo ya kwenye piko. Tena kwenye piko wanatia bila kipimo." Nilimwambia kwamba hata karatasi ya boksi inaruhusu, inasema upake kidogo nyuma ya sikio, ungoje saa 48. Akanijibu, "Kujaribu ni kwa asiyejua. Wewe ushajaribiwa."

Mtu mwenye akili angekomea hapo.

Usiku ule ule nikachanganya tone la rangi na tone la maji yake kwenye kifuniko cha chupa, nikajipaka nyuma ya sikio la kulia. Nilipoamka hakuna kitu. Mchana hakuna. Nikaanza kupanga maneno ya kumwambia mama mdogo. Siku ya pili, baada ya magharibi, nikahisi kama siafu ananitembea. Kufika alfajiri sikio limevimba, limesimama mbali na kichwa, linatoa majimaji. Daktari wa zamu alinipa krimu na vidonge, akaniambia kwamba mwili ukishaikataa PPD ndiyo imetoka, haurudi nyuma, na mara nyingi huja na hasira zaidi. Laiti ningeipaka kichwa kizima, nadhani ningehudhuria harusi ile macho yamezibana.

Mama alitaka nisuke nijifunge mtandio, yaishe. Mama mdogo ndiye aliyekumbuka hina, hina ya majani matupu, na pakiti ya unga wa majani ya nili aliyoletewa na wifi yake kutoka Maskati. (Shangazi mmoja aliyesikia nusu ya maneno alikimbilia dukani, akarudi na buluu ya kufulia nguo. Tulimshukuru.) Kwanza alijaribu kwenye nywele zilizobaki kwenye chanuo langu, na kidogo kidogo mkononi, tukangoja. Nikamuuliza kwa nini asianze na nili moja kwa moja, muda unakwenda. Akacheka: nywele zilizochujwa ukizipa nili tupu zinatoka kijani. Lazima kwanza zipate wekundu wa hina ndipo nili ipate pa kukaa.

Basi hina ilikaa kichwani karibu saa tatu, nimefungwa mfuko wa nailoni, sikio limepakwa vaselini na kufunikwa pamba. Nilipoosha nilikuwa wa rangi ya embe bivu. Mama alitoka nje asione. Nili ikakorogwa kwa maji ya vuguvugu, ikapakwa pale pale kabla nguvu yake haijalala, saa moja na nusu nyingine, uani kote kunanuka majani mabichi yaliyopondwa. Ilipotoka nywele zilikuwa kahawia yenye uchafu wa kijani, nami nikalia. "Usioshe kwa sabuni," mama mdogo akasema, "na usijitazame mpaka kesho kutwa."

Siku ya harusi zilikuwa nyeusi. Si nyeusi ya boksi. Juani ulionekana wekundu kwa mbali, kama wa maganda ya komamanga.

Jioni ya hina, fundi alipomaliza miguu ya dada akanigeukia na vibakuli vyake viwili, chekundu na cheusi. Nikampa mkono wa kushoto. Akausogeza kwenye taa, akapitisha kidole juu ya kikonyo cha lile ua.

"Hili nimelichora mimi?" akauliza.

Nikamwambia atie hina tu, juu yake.